Hachibaki kwa mkazi wa Kiritiri: Barabara na mzigo vitangulie bei

MKAZI wa Kiritiri anayetafuta gari lake la kwanza hupata ushauri mwingi kuliko fedha alizo nazo. Mwenye yadi atamsifia gari lililoshushwa melini Mombasa juzi, jirani atamwapia kwamba hakuna gari ila Toyota, naye fundi wa jua kali atamtia hofu kwa habari za giaboksi zilizokufa.

Ni wachache watakaomuuliza swali la msingi: gari hilo litapita wapi kila siku, na litabeba nini?

Makala haya yanahusu magari madogo yasiyo na buti iliyochomoza nyuma, yale ambayo mlango wa nyuma huinuliwa juu pamoja na kioo chake. Wenye magari huyaita hachibaki. Toyota Vitz, Honda Fit, Mazda Demio, Nissan Note na Suzuki Swift ni wa ukoo huo.

Sifa kuu ya hachibaki ni kwamba buti na chumba cha abiria ni kitu kimoja. Viti vya nyuma vikilazwa, gari la kupeleka watoto shuleni hugeuka kuwa gari la kupeleka magunia mawili ya ndengu sokoni, na jioni likarudia hali yake ya kwanza. Isitoshe, ufupi wake hulifanya liegeshwe kwa urahisi mjini Embu siku ya soko.

Hapa wapo watakaouliza: mbona asinunue Probox? Gari hilo, lililozinduliwa na Toyota mwaka wa 2002, ndilo punda wa nyanda hizi, na wachukuzi wa muguka wanalijua vyema. Toleo lake la mizigo liliidhinishwa nchini Japani kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili. Anayeishi kwa kubeba mizigo na alinunue bila kusita. Lakini likiwa tupu huruka-ruka kwenye changarawe, sauti ya barabara hujaa ndani, na viti vyake havikukusudiwa starehe. Mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara anayebeba gunia mara mbili kwa mwezi hana sababu ya kuteseka siku 28 zilizobaki.

Kiritiri iko Mbeere Kusini, upande wa chini na ulio mkavu wa Kaunti ya Embu, katika njia za kuelekea mabwawa ya Seven Forks. Anayetoka huko kwenda Embu mjini anapanda mlima karibu safari nzima. Akiiacha lami kuingia vijijini, anakutana na vumbi jekundu, mawe, na mikondo ya maji ya msimu ambayo hukauka kwa miezi kisha hujaa kwa saa moja. Akiendelea hadi Meru kupitia Chuka, anaingia katika kona na miteremko mikali, ikiwemo ile ya daraja la Nithi ambako basi lilitumbukia mtoni Julai 2022 na kuua watu zaidi ya 30.

Kwa hivyo, gari linalofaa hapa ni sharti lipande likiwa limejaa, literemke bila kuchosha breki, na livumilie mawe.

Tuanze na mawe. Nafasi kati ya tumbo la hachibaki nyingi za Kijapani na ardhi ni takriban sentimita 14 au 15, nayo hupimwa gari likiwa tupu. Watu watano wakiketi, hupungua. Wengi hukimbilia kuweka vipande vya kuinua springi, jambo ambalo likizidi huharibu mpangilio wa magurudumu na kulifanya gari liyumbe kwenye kona. Ni heri kuanza na tairi. Gari lenye rimu za inchi 14 au 15 na tairi yenye ubavu mnene litamtumikia mtu wa Kiritiri kuliko lenye rimu za inchi 16 na tairi nyembamba, hata kama la pili linapendeza zaidi machoni. Kisha afunge bamba la chuma chini ya injini. Ni gharama ndogo ikilinganishwa na sampu ya oili iliyotoboka mbali na mji.

Jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalioni hadi siku ya balaa ni tairi ya akiba. Hachibaki nyingi zilizotengenezwa Japani katika miaka ya 2010 ziliondoka kiwandani bila tairi hiyo. Mahali pake paliwekwa chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo hufaa kwa tundu la msumari, lakini ubavu uliochanwa na jiwe hauzibiki kwa gundi. Inua zulia la buti kabla ya kuuliza bei. Kama hakuna tairi, tafuta inayolingana na uiweke katika hesabu ya ununuzi.

Kuhusu mzigo, hesabu za Kijapani zinafaa kujulikana. Katika nyaraka za gari, uzito wa juu unaoruhusiwa hupatikana kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila abiria. Gari la watu watano, basi, limeruhusiwa kilo 275. Watu wazima watano wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350, hata kabla ya kuweka gunia. Gari halitavunjika siku hiyo hiyo, la hasha, lakini springi, breki na giaboksi vitalipa deni hilo polepole. Anayejua kwamba familia yake husafiri watu watano na mzigo kila wiki anafaa kutafuta gari kubwa kidogo.

Injini ndiyo inayoamua ushuru. Tangu Julai 2023, ushuru wa forodha kwa magari yanayoingizwa nchini umekuwa asilimia 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa: asilimia 20 kwa magari ya petroli yenye injini isiyozidi sisi 1500, na asilimia 25 kwa mengi yanayozidi hapo, kisha VAT ya asilimia 16. Ndiyo maana injini ya sisi 1300 hadi 1500 ina faida mara mbili. Subaru Impreza ya sisi 1600, gari imara lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, huingia katika ushuru wa juu kwa tofauti ya sisi 100 tu.

Ila mnunuzi asikimbilie injini ndogo kabisa. Vitz ya lita moja ina silinda tatu na nguvu zisizofika farasi 70. Kwa dereva wa Nairobi anayekwenda taratibu katika msongamano, inatosha na hunywa petroli kwa adabu. Kwa anayepanda kutoka Mbeere na watu wanne, kiyoyozi kikiwaka, itabidi kanyagio cha mafuta kiguse sakafu, na hapo uchache wa mafuta uliosifiwa hutoweka. Vitz ya 1300, yenye farasi wapatao 95, hupanda mlima huo huo bila kulalama. Tofauti ya mafuta ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Giaboksi ndipo mikopo ya watu inapozama. Magari mengi ya aina hii hutumia giaboksi isiyo na gia za hatua, ambayo ndani yake mna ukanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Huitwa CVT. Si mbovu kwa asili yake, lakini huchukia mambo matatu: joto, mzigo mzito mlimani, na oili isiyo yake. Kiritiri ina joto na mlima vyote viwili. Oili ya giaboksi ya kawaida haifai kamwe ndani ya CVT, na fundi asemaye kwamba oili zote ni sawa anapaswa kuagwa kwa heshima. Ukiwa nalo jaribioni, endesha kwa mwendo wa polepole, kisha simama mlimani na uondoke tena. Gari likitetemeka kabla ya kusogea, au injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki, rudisha ufunguo.

Kwa kigezo hiki, Mazda Demio iliyotoka mwaka wa 2014 ina faida. Toleo lake la otomatiki lina gia sita za hatua badala ya ukanda, na dereva anaweza kuichagulia gia ya chini anapoteremka, hivyo injini ikasaidia breki. Ndiyo pia inayofurahisha kuendesha kuliko wenzake: usukani hujibu mara moja, na kona za Chuka hugeuka kuwa raha badala ya kazi. Upungufu wake ni nafasi ya viti vya nyuma. Watu wazima wenye miguu mirefu hawatakushukuru.

Demio ya dizeli ya lita 1.5 ina nguvu nyingi na husifiwa kwa kutumia mafuta kidogo, na dizeli yenye salfa ya chini imekuwa ikiuzwa nchini tangu 2015. Hata hivyo, ina kichujio cha masizi ambacho hujisafisha kwa safari ndefu zenye mwendo. Anayekwenda Embu na kurudi kila siku hatapata taabu. Anayezunguka sokoni na kanisani tu atakiziba, na kukizibua si bei ya mchezo.

Honda Fit, kwa upande wake, ni bingwa wa nafasi. Wahandisi waliweka tangi la mafuta chini ya viti vya mbele tangu gari hilo lilipozinduliwa mwaka wa 2001, na hivyo sakafu ya nyuma ikabaki chini. Kiti cha nyuma hulazwa bapa, au makalio yake huinuliwa wima ili kitu kirefu kisimame: mche wa mwembe, mtungi wa maziwa, hata mbuzi mtulivu. Hakuna hachibaki nyingine ya bei hiyo inayofanya hivyo vizuri zaidi. Chagua ya petroli pekee, ya 1300 au 1500. Toleo la haibridi lililozinduliwa mwaka wa 2013 lilikuwa na giaboksi ya klachi mbili ambayo Honda iliita irekebishwe zaidi ya mara moja mwaka huo na 2014.

Tukitaja haibridi, Toyota Aqua ni hachibaki nyingine inayopendwa na wengi kwa kubana mafuta. Betri yake iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka chumba cha abiria. Katika vumbi la Mbeere, tundu hilo likizibwa na uchafu au kufunikwa na gunia, betri hupata joto na maisha yake hupungua. Anayeinunua na amwombe fundi asafishe feni hiyo kila anapobadilisha oili.

Suzuki Swift ni nyepesi, karibu kilo 900 au chini yake, na wepesi huo ndio utamu wake. Kabla ya kuichukua, pita maduka ya vipuri mjini Embu ukaulize bei ya pedi za breki na shokabzoba. Jibu litakuambia iwapo utaishi nayo. Kwa upande huo Vitz haina mshindani. Umaarufu wake nchini umefanya vipuri vyake vijulikane kwa kila fundi, na ingawa Toyota iliacha jina hilo Japani mwaka wa 2020, zilizoko barabarani ni nyingi.

Kwa maoni ya mwandishi, familia yenye shamba na watoto ichukue Fit ya petroli. Dereva anayesafiri peke yake au na mwenzake kati ya Kiritiri, Embu na Meru achukue Demio ya petroli. Na anayeishi mbali na fundi mzuri achukue Vitz ya 1300. Note ya silinda tatu ningeiacha kwa watu wa mjini.

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Gari linaloletwa moja kwa moja huja na hati ya Japani inayoonyesha kilomita zilizorekodiwa wakati wa ukaguzi. Iombe, na ulinganishe na mita ya gari. Mita huchezewa, hati huchezewa kwa nadra zaidi.

Gari lililokwisha kutumika humu nchini lina historia nyingine. Hachibaki iliyobeba muguka, zao ambalo lazima lifike sokoni likiwa bichi, imekimbizwa kila siku ya maisha yake. Tazama bolti za viti vya nyuma kama zimefunguliwa mara nyingi, springi za nyuma kama zimeongezwa majani ya mpira, na mikanda ya usalama kama bado ipo. Nusa pia zulia. Redio inayoshika stesheni chache tu si dalili ya ubovu: redio za Japani hukomea masafa ya chini ya yetu, na kifaa kidogo cha kubadili masafa hutatua hilo.

Mwisho, kabla ya kulipa, omba kumbukumbu za gari kutoka NTSA kupitia eCitizen. Zitaonyesha mmiliki ni nani, na iwapo jina la benki au la mkopeshaji limeandikwa kando ya lake. Uhamisho huanzishwa na muuzaji katika akaunti yake, kisha mnunuzi huukubali katika yake. Muuzaji anayesema ataufanya wiki ijayo, huku akitaka fedha zote leo, na asubiriwe hadi wiki ijayo.