Jembe, Nyumba na Hasira ya Mpiga Kura

Katika mwezi wa Septemba, 1965, wananchi wa Tanganyika walikwenda kupiga kura katika uchaguzi ambao mfano wake haukuwa umepata kuonekana Afrika ya Mashariki. Chama kilikuwa kimoja tu, nacho ni TANU. Lakini karibu katika kila jimbo walisimama watu wawili, wote wanachama, wote wamepitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba. Kura zilipokwisha hesabiwa, mawaziri wawili walikuwa wameanguka, pamoja na mawaziri wadogo kadhaa na wabunge wengi wa zamani. Watu hao hao waliulizwa pia kama wanamtaka Julius Nyerere awe Rais, na zaidi ya asilimia 96 ya kura zilijibu ndiyo.

Majibu hayo mawili yametazamwa na wengi kana kwamba yapingana. Hayapingani hata kidogo. Mpiga kura alipewa watu wawili wa kuchagua, wala hakupewa siasa mbili. Basi kila alilokuwa nalo moyoni, liwe la kodi, la bei ya mazao au la jeuri ya mtu wa ofisini, alilitia katika sanduku moja, juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Yafaa kukumbuka hali iliyokuwako kabla ya hapo. Katika uchaguzi wa 1960 vilikuwapo viti 71, na 58 kati ya hivyo vilijazwa bila ya kupingwa. TANU ilipata viti 70. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC alipata kura zipatazo 21,000 mbele ya kura zaidi ya milioni moja za Nyerere. Kwa hiyo chama kilipendwa, hapana shaka. Lakini mapenzi hayo yaliwanyima watu kura yenyewe, kwani katika sehemu nyingi za nchi raia alikuwa huru na hali hajapata kumchagua mbunge wake. Mbunge wa namna hiyo alikuwa na deni kwa chama kilichomteua, na kwa jimbo lake hakuwa na deni. Nyerere aliliona jambo hilo mapema, na hoja yake ya kutaka chama kimoja ilijengwa juu yake: kama chama kimeshinda kila mahali, mlango wake na ufunguliwe, ushindani uingie ndani. Januari 1963 Halmashauri Kuu ilikata shauri, na Januari 1964 ikawekwa tume ya kutafuta njia, chini ya Rashidi Kawawa. Katiba ya muda ya Julai 1965 ilitoka katika kazi ya tume hiyo.

Kanuni za kampeni zilitungwa kwa uangalifu mwingi. Wagombea wote wawili walisimama katika mkutano mmoja, uliotayarishwa na chama wilayani. Hawakuruhusiwa kutaja kabila, rangi wala dini, na lugha ya hotuba ilikuwa Kiswahili peke yake. Hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba yeye ndiye kipenzi cha Rais. Siasa ya chama haikuwa jambo la kubishaniwa. Likabaki nini la kusema? Mwenye jembe aliwaambia wakulima kwamba bila ya jembe hakuna chakula, na mwenye nyumba akauliza huyo mkulima hulala wapi. Wasomi wengine walicheka habari hizi. Lakini wapiga kura hawakudanganyika sana na alama, kwa maana Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alishinda Morogoro, na Derek Bryceson, Mzungu, alishinda Dar es Salaam. Watu walimpima mtu.

Katika nchi ya Mwanza, mtu aliyepimwa akaonekana amepungua alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Huyu hakuwa mgeni wala mtu mdogo. Ndiye aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa kanda ya Ziwa katika vyama vya ushirika wakati wa Waingereza, akavifanya kuwa nguvu ya kuogopwa na wafanya biashara. Lakini kufikia 1965 ushirika huo huo ulikuwa umegeuka, machoni pa wakulima wengi, kuwa mlango wa makato na maofisa. Wakulima walikuwa na sababu. Kamati Maalum ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 iliukuta udhaifu na udanganyifu mwingi ndani yake. Bomani alishindwa. Hata hivyo alirudi Bungeni kwa njia isiyokuwa ya kura za jimbo, akaendelea kuwa waziri. Mpiga kura alikuwa amemwondoa mtu katika kiti, lakini serikalini hakumtoa.

Zaidi ya hayo, wako wakubwa ambao kura haikuwafikia kabisa. Kwa sheria za 1962 Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya waliweza kumweka mtu kizuizini kwa saa 48 kwa kuhofia usalama. Na kila mmoja wao alikuwa pia katibu wa TANU katika eneo lake. Aliyeonewa na serikali akienda kwa chama kushtaki, alimkuta mtu yule yule. Tume ya Kawawa iliijua hatari hii. Haikutaka haki za raia ziandikwe katika katiba, bali ilishauri kiwepo chombo cha kusikiliza malalamiko, na hivyo mwaka 1966 ikazaliwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Chifu Erasto Mang'enya. Wajumbe wake walitembea mikoani, na malalamiko yakafika kwa maelfu. Wingi huo ni ushahidi mkubwa kuliko hotuba yo yote. Lakini ripoti za mashauri zilikwenda kwa Rais, naye ndiye aliyeamua lifanywe nini. Tume haikuweza kumrudisha mtu kazini wala kumfungulia mlango.

Swali la kiti ni cha nani lilijibiwa Oktoba 1968. Wabunge kadhaa, na Joseph Kasella-Bantu mmoja wao, walifukuzwa katika TANU kwa kushtakiwa kwenda kinyume cha siasa ya chama, na kwa kuwa mbunge alipaswa kuwa mwanachama, viti vyao vikaondoka pamoja na kadi zao. Waliowachagua hawakuulizwa.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kanuni hiyo haikurudi nyuma pamoja na chama kimoja. Katiba ya 1977 iliendelea kumtaka mgombea apendekezwe na chama, na kumwondoa Bungeni mbunge anayeacha kuwa mwanachama wake. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga mahakamani kwa miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja Mkataba wa Afrika. Uchaguzi wa 2015 na wa 2020 ulifanywa bila ya mgombea binafsi hata mmoja.