Kuambaa Mteremko

Upepo ukigonga uso wa kilima hulazimika kupanda. Mrushaji husimama ukingoni, hutupa ndege yake ndogo isiyo na injini kuelekea upepo huo, kisha huiongoza kwa redio. Ndege yenyewe haiachi kushuka hata kidogo. Ila hewa inayoibeba hupanda upesi kuliko ndege inavyoshuka, ndiyo maana tunaiona ikipaa.

Hapo neno "kunyiririka" linapwaya. Kunyiririka ni kushuka taratibu, na marubani wa mlima Wasserkuppe, Ujerumani, walilivuka hilo mwaka 1922, ndege iitwayo Vampyr ilipokaa hewani zaidi ya saa tatu bila injini. Istilahi ninayoipendekeza ni "kuambaa mteremko". Jahazi huambaa pwani: hufuata ufuo kwa karibu bila kuugusa. Ndege hii nayo huenda na kurudi sambamba na kilima, ndani ya ukanda wa hewa inayopanda, na kila inapogeuka huelekeza pua upande wa upepo, kamwe si kilimani. Ikipita nyuma ya kilele hukutana na hewa inayoshuka na kujiviringisha, nayo huibwaga chini.

Bawa ndilo huamua ndege itaambaa vipi. Mabawa yaliyoinuka nchani hujisawazisha yenyewe, hivyo usukani na eleveta, kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, hutosha. Mabawa marefu, membamba, yenye eleroni (vibao vya ukingoni vinavyoilaza ndege ubavu), ni ya mbio: katika mashindano ya mbio za mteremko yaitwayo F3F, ndege hukata mita 100 mara kumi, na upepo ukiwa mkali warushaji huongeza uzito ndani yake ili iende kasi zaidi.

Linalonivutia kuliko yote ni bawa lisilo na mkia. Ndugu Reimar na Walter Horten walilijenga Ujerumani katika miaka ya 1930, wakiliruka wenyewe. Ndege ya kawaida hutulizwa na mkia. Hapa kazi hiyo lazima ifanywe na bawa lenyewe, ama kwa kurudisha ncha zake nyuma na kuzisokota kidogo, ama kwa kuinua ukingo wake wa nyuma. Kwenye ukingo huo kuna vibao viwili, elevoni. Vikiinuka pamoja, pua huinuka. Kimoja kikiinuka na kingine kikishuka, ndege hulala ubavu. Neno "elevoni" tulichukue lilivyo, kwa kuwa limeunganisha eleveta na eleroni, nasi maneno hayo mawili tunayo tayari.

Kwa anayeanza, nasema bila kusita: jenga bawa lisilo na mkia la povu linalonyumbulika liitwalo EPP. Likigonga jiwe hubonyea kisha hurudia umbo lake. Lakini kabla ya kulitupa, pima kitovu cha uzito kwa rula. Kikisogea nyuma milimita chache tu, bawa hilo halitashikika.