Nani Aliua Kalamashaka? Faili ya Kundi Lililowasha Dandora

Kama wewe ni mtu wa series za upelelezi, hii story unaijua. Kundi la kitambo la rock linarudi stejini, beef za zamani zinaamka, halafu watu wanaanza kuuawa. Midsomer Murders ya Uingereza ilichapa hiyo stori 2007 kwa episodi inaitwa The Axeman Cometh, na Suzi Quatro, rocker wa ukweli, akaigiza ndani. Huku kwetu Crime and Justice ya 2021 ilituletea Sarah Hassan na Alphonse Makokha wakisaka wahalifu Nairobi.

Sasa peleka kesi Dandora. Hapa hakuna maiti. Kilichozimika ni kundi.

Marehemu ni nani?
Kalamashaka, ama K-Shaka: Kamah, Oteraw na Johnny Vigeti. Walitokea miaka ya 90, wakati marapa wengi wa Kenya walikuwa wanabonga Kizungu wakiiga Wamarekani. Hawa wakashika Kiswahili na Sheng wakasema maisha ya mtaa vile yalivyo. "Tafsiri Hii" ikawaweka kwa ramani, na 2001 wakatoa albamu, Ni Wakati.

Waliishi wapi?
Dandora ilianza miaka ya 70 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Watu walipewa ploti zikiwa na maji na choo, nyumba wakajijengea. Kando yake ndiyo dampo kubwa la taka za Nairobi. Ukitoka hapo, huwezi kuimba maua.

Familia
K-Shaka hawakula peke yao. Walivuta vijana wa mtaa wakawa Mau Mau Camp, kisha wakaungana na Ukoo Flani wa Mombasa. Ukoo Flani Mau Mau wakaachilia Kilio cha Haki 2004 na Dandora Burning 2006.

Washukiwa
Wa kwanza ni uharamia. Kaseti na CD feki ziliuzwa kila kona, na msanii hakuona hata bob.

Wa pili ni redio. FM za Nairobi zilipenda ngoma za kurusha watu: kapuka ya Ogopa na genge ya Calif. Rap ya njaa na polisi haikuwa rahisi kuuzia tangazo la sabuni.

Wa tatu ni hesabu tu. Jina kubwa, vichwa kibao, pesa kidogo. Kila mtu ana rent yake, na polepole kila mtu akashika njia yake.

Hukumu
Ukiniuliza, hakuna muuaji mmoja. Na marehemu hakufa vizuri. Juliani, mtoto wa Dandora aliyepitia Ukoo Flani, alitoboa solo halafu akarudi kuanzisha Dandora Hip Hop City, mahali madogo wa mtaa wanajifunza sanaa. Na gengetone yote unayoruka nayo inabonga Sheng bila aibu. Huo mlango ulifunguliwa na hao wasee watatu, pamoja na wenzao wa enzi hiyo.

Ushahidi uko. Tafuta Hip Hop Colony, filamu ya Michael Wanguhu ya 2006, uwaone wakiwa bado moto. Halafu skiza Ni Wakati. Lakini buda, usiskize ya kudownload bure. Huyo ni mshukiwa wa kwanza, na bado anatembea huru.