Wakili aliyeandikiwa na Keats

Katika mji wa Newport, kisiwa cha Wight kusini mwa Uingereza, amezikwa msaidizi wa karani wa mahakama aliyefariki Novemba 1852. Jiwe la kaburi linamtaja kuwa rafiki wa mshairi Keats. Ni kweli, lakini maneno hayo yanampunja John Hamilton Reynolds.

Desemba 1816, mhariri Leigh Hunt aliwataja katika gazeti la The Examiner vijana watatu aliotumaini wangeupa uhai mpya ushairi wa Kiingereza: Shelley, Keats na Reynolds. Keats alikuwa bado hajatoa kitabu. Reynolds, mzaliwa wa Shrewsbury mwenye umri wa miaka 22, alikwisha kutoa kadhaa.

Ila mashairi hayakumlisha. Alikuwa karani wa kampuni ya bima, tena alitaka kumwoa Eliza Drewe wa Exeter. Mwishoni mwa 1817, kwa msaada wa rafiki yake James Rice, akaingia ofisi ya mawakili kujifunza kazi: kuandaa hati, wosia na mikataba. Keats naye alikuwa ameacha udaktari kwa ajili ya ushairi mwaka mmoja tu kabla. Sioni haki kumlaumu Reynolds kwa kushika njia nyingine. Mtu anayetaka kuoa hutafuta riziki.

Wala hakuitupa kalamu. Mwaka 1819 alisikia kwamba mshairi Wordsworth anakaribia kutoa shairi liitwalo Peter Bell. Akatunga lake la mzaha kwa jina hilohilo na kuliwahisha sokoni siku chache kabla ya lile la Wordsworth. Mwaka 1821 akatoa The Garden of Florence, kitabu chenye visa viwili kutoka kwa mwandishi Mwitalia Boccaccio. Vilitungwa kwa ajili ya kitabu ambacho yeye na Keats walipanga kukiandika pamoja. Mchango wa Keats ulikuwa shairi la Isabella.

Hata hivyo, nadhani kipaji chake kikubwa kilikuwa kusoma. Keats alipoandika dibaji ya kwanza ya shairi lake la Endymion, Reynolds aliikataa, na Keats akaandika nyingine. Kwake ndiko Keats alikopeleka fikra zake nzito: kwamba shairi lisimsukume msomaji kwa nguvu, na kwamba maisha ni jumba la vyumba vingi ambavyo mwanadamu hupita kimoja baada ya kingine. Septemba 1819, akiwa Winchester, alimsimulia jinsi mashamba yaliyokwisha kuvunwa yalivyoonekana yenye joto, na jinsi mandhari hayo yalivyomfanya atunge shairi. Shairi hilo ni To Autumn. Barua kama hizo humwendea mtu unayejua atakuelewa. Na kitabu cha mashairi ya Shakespeare ambamo Keats alinakili Bright Star, akiwa melini kuelekea Italia mwaka 1820, kilikuwa zawadi ya Reynolds.

Uwakili haukumtajirisha. Alimwoa Eliza mwaka 1822, akaandikia magazeti, na mwaka 1825 akashirikiana na shemeji yake Thomas Hood kutunga kitabu cha tenzi za kuchekesha. Mwaka 1838 alifilisika. Sheria ya 1846 ilipoanzisha mahakama za kaunti za kusikiliza madai madogo, yasiyozidi pauni 20, akapata kazi katika ile ya Newport. Mtu aliyeshindwa kulipa madeni yake akawa anashughulikia majalada ya wadaiwa wenziwe.

Mwandishi Milnes alipokuwa akiandika wasifu wa Keats, uliotoka mwaka 1848, Reynolds alimsaidia kwa barua alizokuwa nazo. Nyingi za asili zimepotea. Tunazisoma leo kwa sababu Richard Woodhouse, mwanasheria mwingine katika kundi la marafiki wa Keats, alikuwa amezinakilisha mapema, na Reynolds alikubali kumwazima.