Matanga bila kaburi

Ndugu wakazi, vita vya Kivu ya Kusini vilituvusha Ziwa Tanganyika mwaka 1996, tukapokelewa Kigoma na kuletwa hapa Nyarugusu. Wengi tuliacha maiti bila kuzika. Waliotufuata baada ya mauaji ya Makobola, mwishoni mwa Desemba 1998, walikuja na majina tu.

Kwetu matanga yana mpango wake. Majirani hulala nje pamoja na wafiwa, kila mmoja huchanga alichonacho. Kisha wazee huketi na ukoo kuzungumza madeni, mjane na mayatima, ndipo matanga huanuliwa. Pasipo kaburi, mazungumzo hayo yaliahirishwa. Mjane alikaa miaka akingoja, wala hakuna aliyethubutu kumwambia neno.

Ndipo tukajifunza kuweka matanga bila kaburi. Familia huchagua siku, jina husomwa kanisani au msikitini, anayemfahamu marehemu hueleza ukoo wake na maisha yake, na wazee humaliza mashauri. Warundi waliokuja 2015 kupitia Kagunga, ambako kipindupindu kiliwaua wenzao, nao wana siku yao ya kumaliza kilio, kugandura. Tumeketi nao, wameketi nasi.

Wafanyakazi wa mashirika, mfiwa akiomba ruhusa kwa aliyekufa zamani, msishangae: msiba wake ndiyo kwanza unamalizwa.

Nasi wazazi tuandike majina, kijiji na mwaka. Watoto waliozaliwa kambini hawakuwaona watu hao. Watawajua kwa maandishi yetu.