Uwindaji wa harufu: Mchezo wa farasi na mbwa unavyokwama katika mchanga wa Turkana

Msafiri anayetoka Lodwar kuelekea Kakuma, mwendo wa takriban kilomita 120, hukutana njiani na mbuzi, ngamia na punda wasiohesabika. Farasi ni nadra mno kuonekana. Mnyama huyo, ambaye Uingereza na Ireland ndiye mhimili wa mchezo uitwao uwindaji wa harufu, hakupata makao miongoni mwa Waturkana, na sababu zake zinaeleza mengi kuhusu mchezo wenyewe na pia kuhusu nchi hiyo kame ya kaskazini magharibi mwa Kenya.

Uwindaji wa harufu ni uwindaji usio na windo. Mtu mmoja, kwa miguu au juu ya farasi, hutangulia akiburuta kitambaa kilicholoweshwa kitu chenye harufu kali, aghalabu mafuta ya anisi. Baada ya muda mfupi, kundi la mbwa huachiliwa lifuate harufu hiyo, nao wapanda farasi hulifuata kundi kwa mbio, wakiruka nyua za michongoma, mitaro na kuta za mawe. Mwisho wa mstari hakuna mnyama aliyeuawa. Mbwa hutunzwa vipande vya nyama au biskuti, farasi hupumzishwa, kisha mstari mwingine huanza. Katika aina nyingine ya mchezo huo, mbwa wenye pua kali zaidi hufuata harufu ya mwanadamu mwenyewe anayekimbia, bila kitambaa chochote.

Mchezo huu haukubuniwa juzi. Hata hivyo, ulizungumzwa zaidi baada ya sheria ya mwaka 2004 iliyopiga marufuku kuwawinda mbweha kwa mbwa katika Uingereza na Wales, ambayo ilianza kutekelezwa Februari 2005. Ni vyema kuutenga na mwenzake unaofanana nao, ambapo harufu inayotandazwa ni ya mbweha hasa na njia haitangazwi kwa wanaowaongoza mbwa. Wakosoaji wanasema huo wa pili ni pazia la kuendelezea uwindaji wa kale. Scotland iliuharamisha kwa sheria ya mwaka 2023, na chama cha Labour kiliahidi kufanya vivyo hivyo katika manifesto yake ya uchaguzi wa mwaka 2024. Uwindaji wa harufu ya anisi haukuguswa na lawama hizo, kwa kuwa njia yake hupangwa mapema, mbali na maficho ya wanyama.

ANAYETOKA MARA YA KWANZA

Mgeni hafiki tu uwanjani na farasi wake. Hutakiwa kumwarifu katibu wa klabu siku kadhaa kabla, kulipa ada ya siku na kuwasili mapema. Jambo la kwanza ni kumsalimu kiongozi wa msafara. Kutomsalimu huhesabiwa utovu wa adabu mkubwa kuliko kuanguka. Baada ya hapo, mgeni hukaa nyuma ya yule aliyeteuliwa kuwaongoza wapandaji na hamtangulii kwa hali yoyote, hata farasi akivuta hatamu namna gani.

Alama mbili hutakiwa kujulikana tangu mwanzo. Utepe mwekundu mkiani mwa farasi huonya kwamba anapiga mateke, na wa kijani kwamba bado hajazoea makundi. Mbwa wakipita karibu, kichwa cha farasi hugeuziwa kwao, ili kwato za nyuma zisiwe upande wao. Farasi akimpiga mbwa teke, mgeni huyo hataalikwa tena kwa urahisi. Malango ya wakulima hufungwa kama yalivyokutwa, na mashamba yenye mimea huzungukwa pembezoni, kwani mchezo mzima unategemea hisani ya wenye ardhi.

Hatari yenyewe ni ya kweli. Mistari ya harufu hukimbiwa kwa kasi kuliko uwindaji wa kale, kwa sababu mbwa hawasitisiti kutafuta njia. Kofia ngumu ni lazima, ukanda wa tandiko hukazwa upya baada ya dakika za mwanzo, na anayeona ua ni mrefu kupita uwezo wake huruhusiwa kutafuta lango. Hakuna anayemcheka, au angalau hakuna anayemcheka akisikia.

Kenya nayo iliujua uwindaji wa farasi na mbwa enzi za ukoloni. Walowezi waliwaleta mbwa kutoka Uingereza wakawinda bweha na paa katika nyanda za juu, na Molo ilikuwa na klabu yake. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama pori kwa burudani, marufuku ambayo ingali ipo. Mchezo usio na windo hauangukii moja kwa moja katika katazo hilo, lakini kundi la mbwa likiacha anisi na kumgeukia digidigi, msimamizi wake angekuwa na maswali mazito ya kujibu.

FARASI, MAJI NA MARADHI

Nyanda za juu ni baridi na zina majani. Lodwar hupata mvua ya wastani wa takriban milimita 200 kwa mwaka, na joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Farasi mzima huhitaji kati ya lita 25 na 50 za maji kwa siku, na zaidi akifanyishwa kazi juani. Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 kandokando ya mto wa msimu wa Tarach, maji hutoka visimani na hugawiwa kwa vipimo. Kiwango ambacho mashirika ya misaada hulenga ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Kwa hesabu hiyo, farasi mmoja angekunywa fungu la watu wawili na ushei, kabla ya kuogeshwa.

Maradhi nayo hayamsamehi. Homa ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na visubi, inaweza kuua zaidi ya farasi tisa katika kila kumi wasio na kinga, ilhali punda na punda milia huistahimili. Surra, inayoambukizwa na nzi wanaouma na kuwasumbua ngamia wa kaskazini, humdhoofisha farasi hadi kufa.

Ndiyo maana punda akawa mfalme wa njia za Turkana. Hapandwi kwa kawaida. Hutwikwa vyombo, ngozi za kujengea kibanda, mitungi na watoto wadogo jamii inapohama. Thamani yake ilionekana wazi vichinjio vinne vya punda viliporuhusiwa nchini, kimoja kikiwa Turkana, kulisha soko la ngozi la China. Wizi wa punda uliongezeka katika maeneo mengi, bei zikapanda, na wanawake waliotegemea punda kuteka maji wakabaki na mitungi vichwani. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kukomesha biashara ya ngozi za punda barani.

MBWA

Kizuizi kizito zaidi, na kisichofikiriwa na wengi, si farasi bali mbwa. Turkana imewahi kurekodi mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani vya ugonjwa wa uvimbe wa maji unaosababishwa na minyoo tegu ya mbwa. Mbwa hula matumbo mabichi ya mbuzi au kondoo mwenye uvimbe, minyoo hukua tumboni mwake, na mayai hutoka na kinyesi. Binadamu akiyameza, uvimbe humea polepole katika ini au mapafu kwa miaka mingi, hadi tumbo linapovimba kama la mjamzito.

Jua la Turkana huyaua mayai hayo upesi yakiwa wazi. Lakini ndani ya kibanda chenye kivuli, karibu na mtungi wa maji, huishi, na huko ndiko mbwa hulala pamoja na watoto. Shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti mwaka 1983: upasuaji, dawa, vipimo vya mawimbi ya sauti, tiba ya minyoo kwa mbwa na kupunguza mbwa wasio na wenyewe.

Mbwa wa kundi la uwindaji kwa desturi hulishwa mizoga ya mifugo iliyofia mashambani. Uingereza mizoga hiyo hukaguliwa na mbwa hupewa dawa ya minyoo kwa ratiba. Kundi la mbwa arobaini likilishwa vivyo hivyo Lodwar bila tahadhari hiyo, lingekuwa tishio kwa kila kisima cha jirani.

PUA NA MACHO

Hata hayo yote yakitatuliwa, inabaki harufu. Harufu hudumu penye unyevu na ubaridi. Juu ya mchanga mkavu wenye upepo na joto hupeperuka mapema. Mchezo ungewezekana alfajiri tu, pengine kandokando ya Turkwel, kabla jua halijapanda.

Mturkana anayefuatilia mifugo iliyoibwa hategemei pua. Husoma mchanga. Unyayo mpana na laini wa ngamia, kwato nyembamba za punda, kina cha alama kinachoonyesha mzigo, na kingo zilizoporomoka zinazoonyesha saa zilizopita tangu mnyama apite: hayo ndiyo yanayoamua iwapo wafuatiliaji wataendelea au watarudi. Makosa huweza kugharimu uhai, kwa kuwa mwisho wa nyayo hizo, tofauti na mwisho wa mstari wa anisi, huenda kuna watu wenye bunduki. Polisi nao wana kikosi cha kupambana na wizi wa mifugo chenye makao Gilgil, ambacho kimewahi kutumia farasi na ngamia. Kaskazini, ngamia ndiye aliyefaa.