Uvunjaji wa Protini katika Seli za Moyo

Uvunjaji wa protini ni kazi ambayo kwayo seli huzikata protini zilizochakaa au zilizoundwa vibaya, na asidi amino zinazopatikana hutumika kujengea nyingine. Katika moyo kazi hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa seli za misuli yake hujikunja na kujikunjua bila kupumzika, ilhali hata kwa kijana wa miaka 25 ni takriban asilimia 1 tu ya seli hizo inayofanywa upya kwa mwaka.

Protini mbovu hutiwa alama ya protini ndogo iitwayo ubikwitini, kisha huingizwa katika proteasomu, chombo chenye umbo la pipa kinachoikata vipande. Ugunduzi wa alama hiyo uliwapatia Ciechanover, Hershko na Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Mabonge makubwa ya protini hupitia otofajia, yaani hupelekwa kwenye lisosomu, vifuko vya vimeng'enya vilivyoelezwa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955. Kazi hizi zikilegea, taka hurundikana ndani ya seli na moyo hudhoofika. Zikizidi, misuli hukonda.

Nchini Rwanda, ambako kliniki za magonjwa yasiyoambukiza zilianzishwa katika hospitali za wilaya za mashariki kuanzia 2006, magonjwa ya misuli ya moyo yalionekana kuwa chanzo kikubwa cha moyo kushindwa kusukuma damu. Mojawapo huwapata wanawake kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua. Kuhusu ugonjwa huo, mwaka 2007 watafiti wa Hannover, Ujerumani, walionyesha kwamba kimeng'enya cha lisosomu, kathepsini D, huweza kuikata prolaktini, homoni ya maziwa, na kipande kinachobaki huharibu mishipa midogo ya moyo. Dawa iitwayo bromokriptini huizuia homoni hiyo, lakini hukausha maziwa na huongeza hatari ya damu kuganda. Kwa hiyo pale ambapo uhai wa mtoto hutegemea ziwa la mama, uamuzi wa kuitumia ni mzito na unahitaji daktari.

Nchini humo, wilayani Rusizi, sehemu ya uliokuwa mkoa wa Cyangugu, hospitali za wilaya ni Gihundwe na Mibilizi. Mzazi aliyevimba miguu na kushindwa kupumua alalapo chali asiambiwe kuwa ni uchovu wa uzazi. Apelekwe huko haraka akachunguzwe moyo.